Jinsi ya kupima chembe nano za metali bila kudanganywa na chupa yako mwenyewe

Kijana anaingia maabara asubuhi na chupa ya maji ya kahawia, ametengeneza nano za silva kwa majani ya mululuza (yale majani machungu), ananiambia "mzee shikamoo, nipimie nano zangu, supavaiza anataka namba Ijumaa." Marahaba, lakini namba gani sasa? Maana kwenye hio chupa moja kuna namba kama nne hivi na watu wengi wanaomba moja wanapewa nyingine alafu wanaiandika kwenye thesis kama vile ni ile ile.

Kuna silva yote iliyomo, yaani ukiyeyusha kila kitu ukapima metali (nikisema silva ni ile fedha ya kuvaa, sio ya mobile money). Kuna silva ambayo iko kama ayoni, imeyeyuka ndani ya maji, hiyo sio chembe hata kidogo. Kuna idadi ya chembe kwa kila mililita, na kuna ukubwa wa hizo chembe kwa nanomita (mita moja ukiigawa mara bilioni). Hakuna mashine moja inayokupa zote nne kwa uhakika, ndo maana nimeandika hii, kwa wale wa hapa Kampala na Mbarara na Gulu na kwingine ambao wana AAS ya zamani (inapima metali kwa mwanga unaofyonzwa ndani ya moto), UV-Vis (inapima mwanga unaofyonzwa na maji yenyewe), pengine siku moja moja wanapata saa mbili kwenye ICP-MS ya mtu (inachoma sampo kwenye plazma, gesi ya moto mkali sana, alafu inahesabu ayoni kwa uzito wake).

Mi nafanya kazi hii kama mwenye duka anavyofunga mahesabu jioni. Kilichoingia asubuhi lazima kionekane, ama kimeuzwa, ama kiko kwenye shelfu, ama kimeibwa. Metali haipotei. Kama uliweka miligramu 97 na mashine inakuonyesha 61, hizo 36 ziko mahali, na ukizitafuta ndo utaijua sampo yako. Mashine nimeona ikidanganya mara chache sana, chupa, filta na mikono yetu ndo vinadanganya kila wiki.

Kwa hiyo kabla hujawasha kitu chochote piga hesabu kwa kalamu. Huyu kijana alichanganya mililita 90 za silva naitreti ya milimola 1 kwa lita na mililita 10 za maji ya majani. Milimola 1 ya silva ni miligramu 107.9, ukizidisha kwa 0.9 unapata kama miligramu 97 kwa lita. Hio 97 iandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kubwa. Kila namba utakayopata baadae itasimama mbele ya hio 97 ijieleze.

Sasa maji na chupa. Maji ya bomba usiyaguse hata kwa kusuuza mara ya mwisho, yana kloraidi na kloraidi ikikutana na ayoni za silva inatoka silva kloraidi nyeupe ambayo mwanga ukiipiga inakua zambarau alafu nyeusi. Tumia maji yaliyosafishwa kabisa, yale ya megaomu 18.2, kama mashine yako ya maji inasoma chini ya hapo badilisha katriji kwanza, usiseme itafaa tu. Vyombo vya silva loweka usiku mzima kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10. Vyombo vya dhahabu asidi ya naitriki peke yake haitavisafisha, dhahabu inataka akwa rejia, sehemu tatu asidi haidrokloriki na sehemu moja naitriki, ichanganye siku hiyo hiyo ndani ya kabati la kufyonza mvuke na USIIFUNGE kwenye chupa, inatoa gesi chupa itapasuka. Brashi ya waya acha kabisa, inachubua kioo na kwenye michubuko ndo chembe zinajificha zikusubiri wiki ijayo.

Chembe zinapenda kuta. Ukiwa na sampo nzito hutaona maana zinazoshika ukutani ni chache kulinganisha na zilizobaki, lakini ukidailuti (kuipunguza makali kwa maji) mara laki kadhaa kama tutakavyofanya mbele huko, zile zilizoshika zinaweza kuwa nusu ya mali yako yote. Kwa hiyo dailusheni tengeneza siku ya kupima, asubuhi, sio jana yake. Usiruke kutoka chupa mama hadi mwisho kwa hatua moja, na hatua za katikati kama ni dhahabu yenye sitreti (ile chumvi inayozivalisha chembe zisishikane) weka sitreti kidogo kwenye maji, milimola 1 au 2 inatosha, maana ukiipeleka kwenye maji matupu ile nguo yake inavuka na chembe zinaanza kushikana. Tikisa kila mara kabla ya kuvuta na pipeti. Pima kwa mizani, sio kwa kuamini mikropipeti peke yake, hizi mikropipeti zetu zingine toka zinunuliwe hazijawahi kupimwa, weka tipsi, vuta maji mililita 1, iweke kwenye mizani, kama inasoma gramu 0.93 basi ushajua mchawi wako.

Friji ndio, friza hapana. Barafu ikitengenezeka inazisukuma chembe zote kwenye kona moja na zikishashikana kwa metali hazirudi tena hata ukisonikata (kuzitikisa kwa mawimbi ya sauti) mpaka kesho. Silva iweke gizani, na ujue inayeyuka polepole ikiwa na oksijeni, chupa ya leo sio chupa ya mwezi ujao.

Na hapa nikiri dhambi yangu. Kuna wakati nilichota maji ya mfereji wa Nakivubo hapa Kampala, nikayatia nano za silva za nanomita 60 ambazo idadi yake naijua, nilitaka kuona kama mbinu yangu inaweza kuzipata kwenye maji machafu. Sasa mkono wangu umezoea miaka na miaka kupima risasi na kadmiamu kwenye maji, na sheria ya huko ni moja, ukichota tu unatia asidi ya naitriki mpaka pH iko chini ya 2 ndo unaondoka. Nikatia. Bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga mkanda. Siku ya kupima naangalia skrini, hakuna chembe hata moja, mstari tu umepanda juu umelala pale kama barabara. Nikailaumu mashine, nikaosha nebulaiza (kifaa kinachogeuza sampo kuwa ukungu), nikabadili paipu, saa tatu nzima zimeenda, alafu nikaona chupa imeandikwa kwa mwandiko wangu "asidi 2%". Nilikuwa nimeziyeyusha mwenyewe. Kwa hiyo sampo ya kuhesabu chembe HAITIWI asidi. Ile ya kupima metali yote ndo inatiwa. Chota chupa mbili, ziandike kwa rangi tofauti.

Kitu cha kwanza cha haraka ni UV-Vis, dakika tano tu. Dhahabu ndogo za nanomita kama 15 hivi zina kilele karibu na nanomita 520, silva karibu na 400. Kilele chembamba ni habari njema, kilele kipana chenye mkia kuelekea nyekundu maana yake chembe zimeshikana au saizi zimechanganyika. Kwa dhahabu kuna njia ya mkato nzuri sana, soma abzobansi (mwanga uliofyonzwa) kwenye 400 ukiwa na kyuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1, kama 1.2 ni sawa na milimola 0.5 ya dhahabu iliyokwisha kuwa metali, yaani kama miligramu 98 kwa lita. Sio hukumu ya mwisho, ni makisio ya kukuambia udailuti mara ngapi huko mbele. Lakini kwa hawa wa majani, blanki yako (ile sampo tupu ya kulinganishia) isiwe maji, iwe maji ya majani yaliyodailutiwa vile vile, maana mululuza yenyewe ina rangi na inafyonza mwanga pale pale kwenye 400 na chini yake. Nimeona grafu nyingi sana ambazo nusu ya hicho "kilele cha silva" ni majani.

(Kama unatengeneza dhahabu kwa sitreti na maelekezo yanasema chemsha mpaka nyuzi 100, usihangaike na thamomita, Kampala iko juu karibu mita 1,200 toka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi. Andika tu 96 kwenye daftari.)

Haya metali yote. Kwa silva chukua mililita 1 ya sampo iliyotikiswa vizuri, weka asidi ya naitriki nzito nusu mililita, pasha nyuzi 80 hadi 90 saa moja au mbili mpaka rangi ipotee, kama kuna majani mengi ongeza muda, alafu dailuti asidi ibaki kama asilimia 1. Kwenye AAS ya moto silva inasomwa kwenye nanomita 328.1 na stendadi zangu (maji yenye silva kiasi ninachokijua) huwa 0.5, 1, 2, 3 na 4 miligramu kwa lita, kwa hiyo ile 97 ukiidailuti mara 50 inaangukia kwenye 1.9, katikati kabisa ya laini, ndo unapotaka. Usisome sampo iliyopita stendadi ya mwisho ukasema programu imekupa namba, programu itakupa namba hata ukiipa chai. Stendadi ziwe na asidi ile ile asilimia ile ile kama sampo.

Dhahabu ni akwa rejia na inasomwa 242.8, na baadae iweke ndani ya asidi haidrokloriki kidogo la sivyo ayoni zake zinashika plastiki. Kwenye ICP-MS dhahabu ina tabia ya kung'ang'ania paipu, unapima sampo nzito alafu blanki zako tano zinazofuata zote zina dhahabu. Suuza na asidi haidrokloriki ukichanganya thayoyurea kidogo, na subiri mpaka blanki ishuke kweli, sio mpaka uchoke. Sasa angalia hiyo mitego miwili, dhahabu inataka haidrokloriki, silva haiitaki kabisa. Usitumie asidi moja ya kusuuza kwa zote mbili.

Kila mara fanya spaiki. Chukua sampo, ongeza kiasi cha silva unachokijua, pitisha kwenye hatua zote, uone kama kinarudi. Kikirudi kati ya asilimia 90 na 110 tunaendelea. Na ukipata nafasi usiweke stendadi ya ayoni tu, weka chembe zenyewe, maana ayoni zitakwambia mashine inasoma vizuri lakini hazitakwambia kama chembe zako ziliyeyuka zote.

Ayoni sasa, zile ambazo sio chembe. Unatumia filta za sentrifyuji za kilodaltoni 3 au 10 (hicho ni kipimo cha udogo wa tundu), chembe zinabaki juu ayoni zinapita chini. Tatizo ni kwamba filta mpya inakula ayoni za silva, ile ya kwanza inayopita inatoka pungufu, kwa hiyo pitisha kwanza sampo kidogo uimwage, au pitisha stendadi ya ayoni uone inarudi asilimia ngapi. Filta za kawaida za maikromita 0.45 watu wanazitumia "kusafisha" sampo kabla ya kupima, wanasema chembe ni nanomita 50 tundu ni 450 zitapita tu. Hazipiti zote! Zinashika. Pima kabla na baada ya filta siku moja moyo utulie.

Tuje kwenye ile ambayo watu wanaiogopa, kuhesabu chembe moja moja na ICP-MS. Wazo lenyewe ni rahisi. Ukidailuti sana, chembe zinaingia kwenye plazma moja baada ya nyingine, kila moja inapasuka kuwa wingu la ayoni na mashine inaona mpigo mmoja mfupi. Idadi ya mipigo inakwambia chembe ni ngapi, ukubwa wa mpigo unakwambia chembe ina metali kiasi gani. Ayoni zilizoyeyuka hazipigi, zinainua tu ule mstari wa chini. Mpigo mmoja unadumu chini ya milisekunde moja hivi, kwa hiyo kama mashine yako inaweza, soma kila maikrosekunde 100, mpigo utaenea kwenye nukta kadhaa na programu inazijumlisha. Mashine za zamani zinasoma kila milisekunde 3 mpaka 10, inawezekana pia ila hapo lazima udailuti zaidi.

Kuna vitu vitatu lazima uvijue, na hapa ndo usahihi wote ulipo, kwa hiyo polepole.

Cha kwanza ni sampo inaingia kwa kasi gani. Usisome kwenye skrini ya pampu. Weka chupa ya maji kwenye mizani, chomeka paipu bila kugusa ukingo wa chupa, washa, pima dakika 10 imepungua gramu ngapi. Paipu za pampu zinachoka, ile ya Jumatatu ikiwa mpya sio ile ya Ijumaa. Mi napima asubuhi na napima nikimaliza.

Cha pili ni mashine inavyoona metali iliyoyeyuka, yaani kaunti ngapi kwa sekunde kwa kila maikrogramu kwa lita, hiyo ni kevu ya kawaida (grafu ya kulinganishia) na stendadi za ayoni.

Cha tatu ndo mwenye nyumba. Nebulaiza inageuza maji kuwa ukungu lakini ukungu mwingi unapiga ukuta unaenda dreni, kinachofika kwenye plazma ni asilimia chache tu, mara nyingi kati ya 2 na 10. Hiyo asilimia huwezi kuikisia wala kuichukua kwenye karatasi ya mtu mwingine, lazima uipime siku hiyo na chembe unazozijua. Zinazotumika sana ni za dhahabu za NIST (taasisi ya vipimo ya Marekani), ile RM 8013 inaitwa ya nanomita 60 kwa jina lakini kwa TEM (darubini ya elektroni) cheti chake kinasema 56.0, na kuna 8012 ya 30 na 8011 ya 10. Tumia namba ya cheti sio ya jina! Chembe ya 56 ina femtogramu 1.77 za dhahabu (gramu moja ukiigawa mara milioni bilioni ndo femtogramu), ukiweka 60 kwenye programu unaiambia ni 2.18. Kosa la asilimia 23 umeshalifanya kabla hujapima kitu.

Tufanye hesabu moja mkononi ili programu isikufanye mjinga. Tuseme mashine inaona kaunti 50,000 kwa sekunde kwa kila nanogramu kwa mililita. Sampo inaingia mililita 0.36 kwa dakika, yaani 0.006 kwa sekunde. Asilimia inayofika ni 5. Unaona mpigo wenye kaunti 295 baada ya kutoa ile ya chini. Gawanya 295 kwa 50,000 unapata 0.0059, zidisha na 0.006, zidisha na 0.05, inatoka nanogramu 0.00000177, ndo femtogramu 1.77. Gawanya kwa densiti ya dhahabu 19.3 upate ujazo, zidisha na 6 gawanya na pai, toa kipeo cha tatu, nanomita 56. Umemaliza, hakuna uchawi.

Sasa tuseme ile asilimia umekosea, ukaweka 6 badala ya 5. Uzito wa kila chembe unapanda asilimia 20, lakini kwa sababu saizi ni kipeo cha tatu, nanomita inatoka 56 kwenda 59.5 tu, unaangalia unasema aah si mbaya. Idadi ya chembe ndo inaumia, inashuka asilimia 17 moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikuonyesha saizi nzuri kwa njia hii usifikiri idadi yake nayo ni nzuri, saizi inasamehe, idadi haisamehi. Ukigeuza upande wa pili ni hivyo hivyo, mtu akikosea saizi kwa asilimia 10 tu kwenye TEM alafu akaitumia kupiga hesabu ya uzito, uzito unakosea asilimia 33.

Kudailuti kiasi gani? Lenga kama chembe 50,000 mpaka 100,000 kwa mililita. Kwa hizo namba za juu, chembe 100,000 kwa mililita zinakupa mipigo kama 1,800 kwa dakika, inatosha sana. Ile RM 8013 ina dhahabu karibu maikrogramu 52 kwa gramu, yaani chembe kama bilioni 29 kwa mililita, kwa hiyo ni kudailuti mara laki tatu hivi mpaka laki sita, ndo maana nilipiga kelele kuhusu kuta na hatua za katikati.

Na jaribio ambalo nisingemruhusu mtu aondoke bila kulifanya, dailuti sampo yako mara mbili zaidi upime tena. Idadi inatakiwa ishuke nusu na saizi ibaki pale pale. Kama saizi imeshuka, basi mwanzo chembe mbili mbili zilikuwa zinaingia pamoja na mashine inaziona kama moja kubwa. Kama idadi imeshuka zaidi ya nusu, chembe zinashika chupa au zinayeyuka. Jaribio la dakika kumi, linakamata makosa mengi.

Mstari wa kukata nao, ule unaosema hapa chini ni kelele hapa juu ni chembe, watu wanachukua wastani wa kelele kuongeza sigma 3 au 5 (sigma ni kipimo cha kelele inavyotawanyika), sawa, lakini pitisha blanki ya maji tupu uone inatoa "chembe" ngapi, na hizo zitoe. Sampo yenye ayoni nyingi mstari wake wa chini uko juu na chembe ndogo zinazama humo, hutaziona kabisa, kwa hiyo wastani wako wa saizi utapanda kwa uongo. Sema kwenye ripoti ndogo kabisa unayoweza kuona ni ngapi. Na kwa silva ya uzito wa atomu 107 angalia zikoniamu kwenye sampo za udongo na maji machafu, oksaidi yake inakaa pale pale kwenye 107, soma na 109 pia uone kama zinakubaliana. Umeme nao, bila UPS usianze, plazma ikizimika katikati unarudia kevu, kasi, asilimia, kila kitu, banange nimerudia siku nyingi.

DLS na TEM nitapita haraka. DLS inaona mwanga unaotawanywa na mwanga unaenda kwa kipeo cha sita cha saizi, chembe moja ya 60 inang'aa kama chembe 64 za 30, kwa hiyo vumbi kidogo tu la Kampala likiingia kwenye kyuveti unapata nano za 300 ambazo hazipo. Inapima pia na koti la maji na majani lililozunguka, lazima iwe kubwa kuliko TEM, usishangae. Hakikisha joto, mnato wa maji unabadilika kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. TEM ni nzuri kwa saizi na umbo ila haikwambii kitu kuhusu idadi kwenye chupa, na tone likikauka kwenye gridi chembe zinajikusanya zenyewe, usiseme sampo imeshikana kwa picha ya tone lililokauka. Hesabu chembe 500 kama unaweza, kutoka sehemu ulizochagua kabla ya kuangalia, sio zile zinazopendeza. ImageJ, programu ya kupimia picha, ni ya bure.

Turudi kwa yule kijana na 97 yake. Baada ya naitriki AAS ikasema 61. Chini ya tyubu kulikuwa na unga mweupe ambao haukuyeyuka, akaniambia ni mabaki ya majani. Nikamwambia uache kwenye dirisha tule rolex (chapati ya mayai) kwanza. Tuliporudi ulikuwa zambarau. Silva kloraidi, majani yana kloraidi yake na asidi ya naitriki haiiyeyushi. Tukasentrifyuji tukautenga, tukausuuza kwa maji, tukauyeyusha na amonia, tukapima na stendadi zenye amonia vile vile, 29. (Maji ya silva na amonia usiyaweke mpaka kesho, yakikaa yanatengeneza kitu kinacholipuka, pima siku hiyo hiyo alafu tia asidi haidrokloriki nyepesi mpaka iwe asidi ndo utupe kwenye chupa ya taka za silva.) Chupa yake ya mwanzo tukaisuuza na asidi, 2. Jumla 92 kwa 97, asilimia 95, hesabu imefunga. Kwenye ile 61, filta ya kilodaltoni 3 ilionyesha 4 ni ayoni, kwa hiyo silva yenyewe ya metali ni 57. Yeye alikuwa ameshapima dawa yake kwa bakteria akiandika maikrogramu 97 kwa mililita, basi alirudi kusahihisha jedwali zima, uso umekunjamana.

Na bado hiyo kloraidi ina shida nyingine, kama angezipeleka kwenye ICP-MS ya chembe moja moja programu ingefikiri kila chembe ni silva tupu yenye densiti 10.49, kumbe silva kloraidi ni 5.56 na silva ndani yake ni asilimia 75 tu, chembe ambayo kweli ni nanomita 68 ingetoka 50. Kwa hiyo nyie wa majani pitisheni XRD kwanza (miale ya X inayotambua aina ya fuwele), vilele vya silva viko nyuzi 38.1 na 44.3, vikitokea vingine 27.8, 32.2 na 46.2 hiyo ni kloraidi, na mnisamehe lakini hivyo vilele nimeviona kwenye poster nyingi vimewekewa kinyota kidogo kisichoelezwa.

Kwenye ripoti aliandika hivi, na mi niliweka saini: silva yote miligramu 92 kwa lita, metali 57, kloraidi 29, ayoni 4, iliyoshika chupa 2, sampo tatu tofauti kutoka chupa moja (sio kusoma tyubu moja mara tatu), tarehe ya kutengeneza, tarehe ya kupima. Alitaka kuandika 57.384. Nikachukua kalamu nikafuta.